Mali Bila Daftari

Juzi jioni barazani kwetu Likoni watu wazima nusura washikane mashati. Ubishi ulikuwa juu ya kijana mmoja wa mtaani aliyesakata kabumbu hapa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Huyu alidai kijana alifunga mabao thelathini msimu mmoja. Yule akaapa kwamba hata kumi hayakufika. Nani angeamua? Hakuna, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Nikawapa kisa cha Aasif Karim, mzaliwa wa papa hapa Mombasa. Tarehe 15 Machi, 2003, mjini Durban, Kenya ilipambana na Australia katika Kombe la Dunia la kriketi. Karim alikuwa na umri wa miaka 39, naye alikwisha kustaafu mwaka 1999 kabla ya kuitwa tena. Siku hiyo alirusha mipira 50. Waaustralia, mabingwa wa dunia, wakaambulia kwake mikimbio 7 tu, naye akawatoa wapigaji watatu, nahodha wao Ricky Ponting akiwa mmojawapo. Kenya ilishindwa, lakini mchezaji bora wa siku alitangazwa Karim.

Matokeo yanasema nani alishinda. Hesabu ndiyo inayosema nani alicheza. Na hesabu hiyo tunayo leo kwa sababu palikuwa na mtu ameketi, kalamu mkononi, akiandika kila mpira.

Wamarekani walilitambua hilo zamani. Mchezo wao wa besiboli ni jamaa wa kriketi, na aliyesifika kwa kuupangia hesabu magazetini katika karne ya 19 ni Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyewahi kuwa mwandishi wa habari za kriketi. Ndiyo maana hadi leo wanamkumbuka Harvey Haddix wa Pittsburgh. Tarehe 26 Mei, 1959, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, kisha timu yake ikafungwa 1-0. Bila daftari, Haddix angekuwa mtu aliyeshindwa tu.

Mzee mmoja barazani alinipinga: “Mwanangu, hesabu haichezi mpira. Chenga haiandikiki.” Nakubali, mzee wangu. Lakini chenga hukumbukwa na walioiona, nao wanapungua kila mwaka. Tena, kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe akienda kuomba nafasi katika klabu kubwa, huenda na mdomo mtupu. Akiulizwa amefunga mabao mangapi, atajibu “mengi”. Nani atamwamini?

Maoni yangu ni haya: kila timu ya mtaani imteue mtu mmoja, asiwe kocha wala mchezaji, apewe daftari la shule na kalamu. Aandike tarehe, timu, waliocheza, waliofunga na dakika. Mchezo ukiisha, manahodha wote wawili watie sahihi, ili asiwepo wa kuongeza chumvi. Bei yake haifiki ya mpira mmoja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wetu ndio mali yetu. Mimi daftari nimekwisha nunua. Jumapili nitakuwa pembeni mwa kiwanja.