Kabla hujanunua saa ya kale, tafuta fundi

Kijana mwenzangu, umeona saa ya mfukoni mtandaoni, muuzaji anaapa ni dhahabu ya miaka mia moja. Suti ishapatikana, pesa ziko kwa simu, kidole kiko tayari kubonyeza. Ngoja kwanza. Hiyo si bangili. Ni mashine, na mashine isiyo na fundi ni pambo la kabati.

Mwambie muuzaji afungue mfuniko wa nyuma akutumie picha ya ndani. Akianza visingizio, achana naye. Saa nyingi za Marekani kama Waltham na Elgin zina nambari iliyochongwa kwenye mashine, na kwa nambari hiyo unaweza kujua iliundwa takriban mwaka gani. Ile ya kwenye ganda isikuchanganye, maana mara nyingi ganda liliundwa na kampuni nyingine. Na ukisoma ndani ya ganda kwamba lina dhamana ya miaka 20, usidhani umeokota mali. Dhamana hiyo ilihusu tabaka jembamba la dhahabu lililofunika madini ya bei nafuu.

Tena usiridhike kuambiwa "inatembea". Uliza ilitiwa mafuta lini. Mafuta yakikauka, vyuma hujisaga polepole hata kama mishale inazunguka. Mafundi wengi hushauri saa ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta kila baada ya miaka 3 hadi 5, kwa hivyo gharama hiyo ihesabu mapema. Wewe kazi yako ni kuitia ufunguo mara moja kwa siku, na kuacha ukihisi imekaza. Iepushe na maji na spika, kwani sumaku huivuruga.

Lakini nani ataifungua? Ni yule mzee wa kibandani mwenye lenzi jichoni, ambaye tunampita kila siku tukikimbilia maduka ya simu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Akifunga kibanda bila kumwachia mtu ujuzi wake, saa yako itabaki chuma tu.

Kwa hivyo mimi nasema anza na yeye. Mwonyeshe hizo picha, muulize kama anaiweza na atakutoza ngapi, ndipo utoe pesa. Na kama unatafuta kazi ya mikono, usiondoke kabla hujamuuliza kama anafundisha.