KIJANA WA PERM NA MIZANI YA WANUNUZI

Wapo wasomaji wetu watakaoshangaa kuona ukurasa huu ukinena habari za magongo ya barafuni, mchezo ambao wengi wetu hatujauona ila katika sinema na televisheni. Katika Afrika Mashariki ni vijana wa Nairobi, wa timu ya Ice Lions, walioujaribu kwa bidii, hata Kenya ikapokewa katika chama cha dunia cha mchezo huo mwaka 2024. Lakini jambo tunalotaka kulisema leo si geni kwa mfanyakazi yeyote. Ni namna kijana anavyopimwa kabla hajapewa kazi, na ni nani aishikaye mizani.

Kijana mwenyewe ni Matvei Michkov, aliyezaliwa katika mji wa Perm, nchini Urusi, mwezi Desemba 2004. Yeye ni winga, kama tumjuavyo winga wa kandanda, ila huyu hukimbia juu ya viatu vya chuma, na badala ya mpira husukuma kisahani kigumu kwa gongo. Kila upande huwa na wachezaji 5 na mlinda mlango wao, na kazi ni nzito hata mtu hakai uwanjani dakika nzima ila hutoka akapumzika, mwenziwe akaingia. Mwaka 2021, akiwa na miaka 16, Michkov aliichezea Urusi huko Texas katika mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 18. Alifunga mabao 12 katika michezo 7, akatajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano.

Mtu angedhani kwamba kijana wa namna hiyo atagombaniwa. Haikuwa hivyo. Juni 2023, huko Nashville, klabu za ligi kuu ya Marekani na Kanada zilipokutana kuchagua vijana kwa zamu, klabu 6 zilimpita. Ya saba, Philadelphia, ndiyo iliyomchukua.

Hatuna budi kuzitazama sababu zao kwa haki. Kijana alikuwa amefungwa kwa mkataba na klabu ya SKA ya St. Petersburg mpaka mwaka 2026, na mnunuzi asiye na subira hapendi kungoja miaka 3. Tena vita vya Urusi na Ukraine, vilivyopanuka Februari 2022, vilizifungia timu za Urusi nje ya mashindano ya dunia, na wasaka vipaji wa ng'ambo wakaacha kwenda kuwatazama vijana kwao. Philadelphia wenyewe walikuwa na jeraha bichi: mlinda mlango Ivan Fedotov, aliyekwisha kutia sahihi mkataba nao, alichukuliwa jeshini Julai 2022. Kwa hiyo hofu hiyo haikuwa ya bure.

Lakini hofu haielezi yote. Klabu iliyochagua ya sita, Arizona, ilichukua Mrusi mwingine, Dmitriy Simashev, mlinzi mrefu mwenye kifua kipana. Basi pasipoti peke yake haikuwa kizuizi. Michkov ana kimo cha sentimita 178 hivi, na katika mchezo ambao watu hugongana ukutani kwa mabega, wanunuzi hupenda miti mirefu. Nabii Samweli, alipotumwa nyumbani kwa Yese kutafuta mfalme, naye alianza kwa kumtazama mwana aliyekuwa mrefu.

Warusi wenyewe walikwisha kulikosea jambo hili. Valeri Kharlamov, mwana wa fundi wa kiwandani na mama Mhispania aliyeletwa Urusi utotoni kwa kukimbia vita, alionwa na walimu wa timu ya jeshi la Moscow kuwa mdogo mno, akapelekwa mwaka 1967 kucheza daraja la chini huko Chebarkul, milimani Ural. Baada ya muda mfupi alirudishwa. Mwaka 1969 alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka 1972 Wakanada walimwona kwao wakanyamaza. Na wanunuzi wa ng'ambo wamelikosea mara nyingi zaidi. Nikita Kucherov alichaguliwa wa 58 mwaka 2011. Kirill Kaprizov alichaguliwa wa 135 mwaka 2015. Wote wawili ni mawinga, na wote wawili waliwapita wengi waliotajwa mbele yao.

Sasa tumpime Michkov kwa kazi aliyoifanya. SKA, klabu tajiri yenye wachezaji tele, haikumpa nafasi, ikamwazima kwa Sochi, timu iliyozoea kushindwa. Aprili 2023, miezi miwili kabla ya ule uteuzi, baba yake alifariki dunia. Msimu uliofuata, akiwa Sochi, alipata pointi 41, yaani mabao na pasi zilizozaa mabao, katika michezo isiyofika 50. Kupata hesabu hiyo katika timu dhaifu, mbele ya walinzi watu wazima, ni ushahidi kuliko kimo chochote. Mwaka 2024 SKA ilimwachilia miaka 2 kabla ya wakati. Msimu wa 2024-25, wa kwanza kwake Philadelphia, alicheza michezo 80, akafunga mabao 26 na kutoa pasi 37. Hakuna mgeni mwingine wa ligi aliyefunga mabao mengi kuliko yeye msimu huo. Tuzo ya mgeni bora ilimwendea Lane Hutson wa Montreal, naye pia mtu mfupi, aliyechaguliwa wa 62.

Ubora wake uko katika akili na mikono. Uwanja wa Marekani una upana wa mita 26 tu, ule wa kawaida wa Ulaya hufika 30. Mita 4 hizo ni kitu kikubwa kwa winga, kwa kuwa mlinzi humfikia upesi, na asiyejua la kufanya kabla ya kupokea kisahani hukipoteza. Michkov hujua. Huonekana mahali ambapo kisahani hakijafika bado.

Udhaifu wake nao usifichwe. Si mwepesi wa mbio, na kurudi nyuma kulinda humpendezi. Kocha John Tortorella alimweka nje michezo 2 mnamo Novemba 2024, na wapenzi wengi wakalalamika. Sisi hatukuona dhambi. Mwalimu asiyemkanya mwanafunzi hodari humdhulumu. Mwanzoni mwa msimu wa 2025-26, chini ya kocha mpya Rick Tocchet, mabao yalikuwa adimu na muda wake uwanjani ukapungua, na neno lililosikika zaidi lilikuwa juu ya maandalizi ya mwili wake. Hapo ndipo tunapoona hatari yake hasa. Mikono alizaliwa nayo, lakini miguu hujengwa wakati wa likizo, pasipo mtazamaji.

Liko jambo la mshahara pia. Tangu mapatano ya mwaka 1995, kijana anayeingia katika ligi hiyo hufungwa kwa mshahara wenye kikomo. Mkataba wa kwanza wa Michkov ni wa miaka 3, na malipo yake ya msingi hayafiki dola 1,000,000 kwa mwaka, mbali na nyongeza. Hatuwaombi wachukuzi wa bandarini wamlilie kwa umaskini huo! Ila wana wa vyama vya wafanyakazi na waangalie jinsi kikomo hicho kilivyopatikana: chama cha wachezaji chenyewe kilikubali, wakongwe wakiwa mezani na watakaokuja wakiwa bado shuleni. Kaprizov, aliyechaguliwa wa 135, alitia sahihi mwaka 2025 mkataba wa miaka 8 kwa dola 136,000,000.

Twaamini kwamba Michkov ni mfungaji wa kweli, na kwamba klabu 6 zilizompita zilikosea hesabu. Montreal, mmoja wa hao 6, mwaka mmoja baadaye walimchukua Ivan Demidov, winga mwingine wa SKA, pasipo kusita. Kama Michkov atafika alikofika Kucherov hatuwezi kuapa. Mkataba wake wa kwanza unakwisha mwaka 2027, na kabla ya siku hiyo sisi tutaitazama miguu yake katika dakika 10 za mwisho, timu yake ikiwa mbele kwa bao 1 na kisahani kikiwa upande wa adui.