Cherehani sebuleni, mume chumbani

Mwezi huu nataka tuzungumzie jambo ambalo akina mama wengi tulioajiriwa hulianza kwa mbwembwe na kulimaliza kwa ugomvi: kushona nguo wenyewe na kujifanyia kazi ndogondogo za nyumbani. Naanza kwa kukiri, maana mkosaji wa kwanza ni mimi.

Cherehani yangu niliinunua mtoto wetu wa pili alipotimiza mwaka. Nilimpigia mume wangu hesabu, ikampendeza. Nikamwambia, "Baba, fundi anatutoza elfu kumi na tano kwa gauni la mtoto, bado kitambaa. Nikishona mwenyewe tutaokoa hela kibao." Maskini, akakubali. Tena aliibeba mwenyewe kutoka kwenye bajaji mpaka sebuleni, akaiweka pembeni ya dirisha ili nipate mwanga.

Mwanga gani, jamani? Natoka kazini saa kumi na moja, foleni inanila mpaka saa moja usiku. Nikifika kuna kumkagua mkubwa daftari zake, kumlisha mdogo na kupanga na dada chakula cha kesho. Nikishika cherehani ni saa nne. Na kwa kuwa nilikuwa na hamu, kila Jumamosi nikipita Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, narudi na kitu: leo kitenge, kesho kitambaa cha pazia, keshokutwa lastiki na zipu za rangi zote kana kwamba nafungua duka.

Baada ya miezi michache sebule yetu ilikuwa haitazamiki. Pazia moja limening'inia, mwenzake yuko kwenye mfuko. Foronya za makochi zimekatwa, hazijaungwa. Gauni la mtoto lina mkono mmoja. Halafu, kama vile hiyo haitoshi, nikaanza kupaka rangi chumba cha watoto. Ukuta mmoja ukawa wa njano, mitatu ikabaki ilivyokuwa.

Ndipo ikaja harusi ya wifi yangu. Sare ya ukoo ilikuwa kitenge cha bluu chenye ndege tausi. Mbele ya mama mkwe nikajitutumua, "Mama, za familia yetu nitashona mwenyewe." Mama akaniangalia akasema, "Mwanangu, utaweza na hiyo kazi yako?" Nikajibu, "Nitaweza, mama, wala usihofu."

Ijumaa usiku, kesho yake ndiyo harusi, saa sita ilinikuta nimepiga magoti sakafuni. Gauni la binti lilikuwa limeshikwa na pini upindo mzima. Shati la baba nilikuwa ndiyo kwanza namaliza kuunga. Mume wangu akatoka chumbani akiwa anafikicha macho, akalinyanyua lile shati, akalitazama.

"Mke wangu, hawa ndege mbona wamesimama kwa vichwa?"

Mwenzangu, nilitazama nikahisi moyo umeshuka. Kwa haraka yangu nilikuwa nimekata mgongo wa shati kichwa chini, miguu juu. Badala ya kucheka nikaangua kilio na maneno juu yake: yeye kazi yake kulala tu, mimi najiua kwa ajili ya nani kama si familia yake?

Hakupandisha sauti. Alisema taratibu, "Shati mimi sikukuomba. Nilichokuomba ni tukae wote hata nusu saa watoto wakishalala. Tangu cherehani iingie humu ndani, mimi nalala peke yangu na taa ya sebuleni inawaka."

Sikuwa na jibu. Alikaa chini, akachukua sindano ya mkono, tukalaza upindo wa gauni la mtoto pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Harusini alilivaa lile shati na tausi wake waliopinduka, akakataa kuvua koti mpaka tunarudi nyumbani.

Ukweli wa hesabu

Jumapili tulikaa tukahesabu viporo. Vyangu vilikuwa 9. Mume wangu naye, kwa kuwa ni muungwana, akataja vyake 2: rafu ya vitabu aliyoahidi tangu tuhamie, na bomba la jikoni lililokuwa likidondosha maji usiku kucha. Jumla 11, ndani ya nyumba ya vyumba viwili!

Halafu tukapiga upya ile hesabu ya kuokoa hela. Ukijumlisha kitambaa, bitana, uzi, zipu, nauli na kile unachoharibu kwa kujifunza, gauni la kushona nyumbani halina unafuu mkubwa hivyo. Na ukishindana na mtumba wa Karume, ambako gauni zuri la mtoto unaweza kulipata kwa bei ya soda chache, umeshindwa kabla hujaanza. Mahali ambapo cherehani inaokoa hela kweli ni kwenye marekebisho: zipu iliyokufa, suruali iliyochanika gotini, sketi ya shule inayohitaji kushushwa upindo kwa kuwa mtoto amerefuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiacha mshono ulioachia inchi moja, wiki ijayo unanunua sare mpya.

Sasa kama si hela, kwa nini nilikuwa nakesha? Hapo ndipo nilipolazimika kumwambia mume wangu ukweli ambao hata mimi sikuwa nimejiambia: napenda kushona. Nikiwa kwenye cherehani hakuna bosi, hakuna "mama, mama", kuna kitambaa na mikono yangu. Tatizo ni kwamba niliona aibu kuomba muda wa kufanya ninachokipenda, nikausingizia uchumi wa nyumba, kisha nikauiba muda huo kutoka kwenye usiku wetu wawili.

Msomaji, nakuomba ulitafakari hili hata kama wewe si mtu wa kushona. Iwe ni keki, bustani, kupaka rangi au kutengeneza viti, kama ni kitu cha roho yako, kisemee wazi na ukiombee nafasi. Ukikificha nyuma ya "nafanya kwa ajili yenu," unamdai mwenzako shukrani kwa kitu ambacho hakukiomba, na asipoitoa unaumia.

Tulivyokubaliana

Haya ndiyo tuliyopanga, na mpaka leo yanatusaidia. Chukua yanayokufaa.

Kwanza, kazi moja tu mezani. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika kumi na moja! Hakuna kununua kitambaa kipya kabla ya kile cha zamani kuvaliwa au kutundikwa. Viporo vingine viko kwenye mfuko mmoja juu ya kabati, na tunavishusha kimoja kimoja.

Pili, muda unaojulikana. Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi ni zamu yangu ya cherehani. Baba anatoka na watoto, iwe ni ufukweni au kwa bibi yao. Jumapili jioni ni zamu yake, anaenda kwenye mpira wake bila kupigiwa simu za "uko wapi". Siku za kazi, cherehani inafunikwa.

Tatu, igawanye kazi vipande. Makosa yetu ni kutaka kukata, kuunga na kumaliza siku moja. Wiki hii pima na ukate, wiki ijayo unga, inayofuata weka upindo na upige pasi. Kila kipande cha kitambaa kibandike karatasi inayoeleza ni mgongo au ni mkono, usije ukasahau.

Nne, jua cha kumwachia fundi. Suti, nguo ya kitchen party na shati lenye kola, mpelekee anayeijua kazi. Fundi wa barazani ana ovaloki, ana uzoefu, na kazi ya usiku mmoja kwako kwake ni ya saa mbili. Kumlipa si kushindwa.

Anza na hii

Kwa wewe ambaye cherehani yako imefunikwa kanga tangu mwaka juzi, anza na sketi ya lastiki ya mtoto. Haina zipu, haina kola, na inakwisha kwa saa mbili hata kwa anayeanza.

Fua kitenge kwanza, kikauke, ukipige pasi. Pamba hurudi ikiingia maji mara ya kwanza, na ukishona kabla ya kufua sketi itapanda juu ya magoti baada ya wiki moja. Kipande cha kitenge cha yadi 6 ni kingi mno kwa kazi hii. Kwa mtoto wa miaka mitano yadi moja inakutosha kabisa.

Kitandaze na uangalie picha zake zinaelekea wapi. Kama ni ndege, samaki au maua yenye shina, hakikisha vichwa viko juu. Nakusihi usilipite hili, mimi nimeshakulipia ada ya shule.

Pima kiuno cha mtoto. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya kiuno hicho; kama kiuno ni inchi 21, kata inchi 42 na uongeze inchi moja ya mshono. Kwa urefu, pima kutoka kiunoni mpaka unapotaka sketi iishie, kisha ongeza inchi 3: moja na nusu ya kukunjia lastiki juu na moja na nusu ya upindo chini. Unga ubavu mmoja, kunja juu, shona kuzunguka lakini acha nafasi ya vidole viwili. Kata lastiki ya upana wa inchi moja, urefu wake upunguze inchi 2 kwenye kipimo cha kiuno ili ishike. Ichomeke pini ya mtoto kwenye ncha, ipitishe mpaka itokee upande wa pili, unganisha ncha zote mbili na uzibe ile nafasi. Laza upindo, piga pasi, mwite mwenye nguo.

Sindano namba 14 inafaa kwa kitenge na kanga. Kwa jinsi panda hadi namba 16. Uzi ukikatikakatika, kabla hujaita fundi wa cherehani toa uzi wote uupitishe upya, kisha badilisha sindano. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Ukishaizoea sketi, pazia si kazi ngumu. Kanuni ni ileile: upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha ili pazia lipate mikunjo. Wanaobana kitambaa huishia na pazia lililotandazwa kama shuka kwenye kamba.

Kwa akina baba

Na nyinyi akina baba mnaosoma safu hii kwa kuibia, nina neno lenu. Mume wangu aliniambia ukweli saa sita usiku, lakini alikuwa amenyamaza miezi. Kama ungependa mkeo aje mkae, mwambie mapema, tena kwa upole, usingoje mpaka achoke ndipo umkosoe ndege. Na usiseme "acha hayo mambo ya cherehani, nitakununulia nguo." Muulize anahitaji saa ngapi kwa wiki, halafu chukua watoto utoke nao. Na ile rafu uliyoahidi, tafadhali, itundike.

Leo hii ninapoandika, viporo vyetu vimebaki 3. Chumba cha watoto ni cha njano kuta zote nne. Tuliumalizia mkono mmoja sikukuu moja ya kitaifa, baba akiwa na brashi juu na mimi chini, watoto wakitusumbua katikati. Bomba halidondoshi tena. Taa ya sebuleni huzimwa saa nne, na siku nyingine hata kabla.

Lile shati la tausi nilitaka kulifumua nilirekebishe. Mume wangu amekataa katakata. Hulivaa nyumbani siku za Jumamosi, na watoto wakimuuliza kwa nini ndege wake wako kichwa chini, huwajibu, "Muulizeni mama, aliwashona usiku."

Nawatakia mwezi mwema wenye mazungumzo mengi na viporo vichache. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.