Mashauri ya Nyumbani: Diski Yenye Jina la Mtu Mwingine



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo babu zetu hawakulijua, lakini leo limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Lubumbashi, tangu Kamalondo mpaka Ruashi. Ni ile mashine ya michezo ya video inayounganishwa na televisheni, pamoja na diski zake ambazo zimetumiwa na watu wengine kabla ya kufika mikononi mwetu. Labda mmoja wenu atauliza: «Gazeti la wakristu lina shughuli gani na michezo ya watoto?» Nitamjibu kwa kisa cha baba mmoja wa Katuba.

Baba huyo alikuwa amemwahidi mwanawe zawadi siku ya Komunyo ya kwanza. Mashine walikuwa nayo, maana mjomba wa mtoto aliwaletea alipokuja kuwatembelea. Walichokosa ni diski. Diski mpya ya dukani ilimshinda bei. Basi Jumamosi akaenda soko la Kenya, na huko pembeni ya njia akamkuta kijana ametandaza diski juu ya nailoni. Bei ilikuwa ndogo mno, ndogo kuliko inavyostahili. Baba akafurahi, hakuuliza neno, akalipa, akarudi nyumbani upesi.

Jioni mtoto akafungua kile kikasha, kisha akanyamaza. Ndani ya kifuniko paliandikwa jina kwa wino, nalo lilikuwa jina la mwenzake wa darasani, yule ambaye nyumba yao iliingiwa na wezi mwezi uliotangulia. Mtoto akamtazama baba yake, akasema: «Baba, hii ni ya mwenzangu. Tutaicheza?»

Neno hilo lilimwingia baba moyoni kama mwiba. Mama wa mtoto akasema polepole: «Lakini sisi hatukuiba. Tumenunua kwa fedha yetu.» Mama alisema kweli, ila kweli hiyo haikutosha. Baba alifanya nini? Nitawaambieni mwishoni. Kwanza tuangalie jinsi mtu mwenye busara anavyonunua vitu vya namna hii, maana hasara nyingi huanza kwa kutokujua.

Neno la kwanza: ijueni mashine yenu. Diski ya mchezo si kama unga wa bukari, ambao hupikwa katika chungu chochote. Kila mchezo umetengenezwa kwa mashine yake. PlayStation 2 ilianza kuuzwa mwaka 2000, PlayStation 3 mwaka 2006, PlayStation 4 mwaka 2013, na PlayStation 5 mwaka 2020. Diski ya PlayStation 2 haifunguki katika PlayStation 4. Diski nyingi za PlayStation 4 hufunguka katika PlayStation 5, lakini diski ya PlayStation 5 haifunguki katika ile ya nne. Tena ziko PlayStation 5 zilizouzwa bila tundu la diski. Mwenye mashine hiyo hununua michezo kwa njia ya intaneti, na diski ya sokoni haimfai. Mashine ya zamani kama PlayStation 2 ina kizuizi kingine: ile ya Ulaya hukataa diski ya Marekani, na ile ya Marekani hukataa ya Ulaya. Diski za PlayStation 4 hazina kizuizi hicho. Kwa hiyo, kabla hamjatoka nyumbani, andikeni jina la mashine yenu katika kipande cha karatasi, mkitie mfukoni. Kuuliza si ujinga, na kuandika si aibu.

Neno la pili: itazameni diski yenyewe, si picha ya kifuniko tu. Itoeni, igeuzeni upande unaong'aa, muishike mbele ya mwanga wa jua. Mikwaruzo midogo midogo haidhuru sana. Mkwaruzo mrefu unaozunguka kufuata duara ni mbaya kuliko ule unaotoka katikati kwenda ukingoni, kwa sababu mashine husoma kwa kuzunguka, na mkwaruzo wa namna hiyo huifunika habari nyingi kwa mfululizo. Pakiwa na ufa karibu na tundu la katikati, irudisheni, hata kama ni ya bure. Ikiwa imeingia vumbi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua, ifuteni kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda nje, wala msizungushe mkono.

Neno la tatu: jaribuni kabla ya kulipa. Mwombeni mwuzaji aiwashe katika kibanda chenye umeme, nanyi msitosheke na picha ya kwanza. Ngojeni mpaka mchezo wenyewe uanze. Mwuzaji mwaminifu hatachukizwa. Yule anayewahimiza akisema, «Lipa upesi, wako wengine wanaoitaka,» mwacheni na hao wengine. Haraka haraka haina baraka.

Neno la nne: yako mambo yasiyoonekana kwa macho. Vikasha vingine vilikuwa na karatasi yenye namba ya siri, nayo namba hiyo hutumika mara moja tu. Mtu wa kwanza akikwisha kuitumia, wa pili hapati kitu. Diski nyingine zina sehemu tu ya mchezo, na sehemu iliyobaki yapasa kuvutwa kwa intaneti. Mnajua wenyewe jinsi megabaiti zinavyokula fedha ya nyumba. Diski ya bei ndogo yaweza kuwa ghali kabla ya juma kwisha.

Lakini hapa nina habari njema kwa wapenzi wa mpira, nao ni wengi katika mji huu. Michezo ya mpira hutolewa mipya kila mwaka, na ule mpya ukitoka, bei ya ule wa zamani hushuka. Ule mchezo ulioitwa FIFA tangu zamani umebadilishwa jina mwaka 2023, ukaitwa EA Sports FC. Tangu hapo wengi huuona wa jina la kale kama umezeeka. Ni kweli kwamba baada ya miaka kadhaa mwenye mchezo hufunga mlango wa kucheza na watu wa mbali kwa intaneti. Lakini ndugu wawili wakikaa mbele ya televisheni moja, mpira ni uleule na mabao ni yaleyale. Basi mwacheni tajiri anunue wa mwaka huu, ninyi nunueni wa miaka mitatu iliyopita.

Neno la tano: tazameni umri. Pembeni ya kifuniko cha michezo ya Ulaya pana namba: 3, 7, 12, 16 au 18. Hata mzazi asiyejua Kiingereza aweza kusoma namba. Namba hiyo haisemi kama mchezo ni mgumu au mwepesi. Inasema umri ambao mtoto aweza kuonyeshwa mambo yaliyomo. Michezo ya Marekani ina herufi: E ni kwa wote, T ni kwa vijana wa miaka 13 na zaidi, M ni kwa wenye miaka 17 na zaidi. Nimewaona wazazi wanaomkataza mtoto kusimama penye ugomvi wa walevi, kisha wanamnunulia mchezo wa namba 18, umejaa damu na matusi, kwa sababu ulikuwa rahisi. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika ujumbe wake wa mwaka 2007 juu ya watoto na vyombo vya habari, aliitaja michezo ya video kwa jina, akailaumu vikali ile inayotukuza ukatili kwa kisingizio cha kuburudisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wala asidhani mtu kwamba Kanisa linachukia michezo. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika katika mji huu mwaka 1911, walikuja na mpira na muziki pamoja na shule na useremala. Hata TP Mazembe, iliyofika fainali ya klabu za dunia mwaka 2010, ilianzishwa na watawa Wabenedikto mwaka 1939. Mchezo ni zawadi ya Mungu kwa ujana. Ila zawadi ina kipimo chake. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alikuwa na PlayStation kama watoto wenu. Wanaosimulia maisha yake wanasema alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa juma. Hakulazimishwa na mtu. Hakutaka kuwa mtumwa wa mashine. Baba Mtakatifu Leo wa 14 alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Vijana, msiniambie kwamba utakatifu ulikuwa wa watu wa zamani tu.

Sasa turudi kwa ile diski yenye jina.

Amri ya saba yasema: Usiibe. Wengi hudhani amri hii imewahusu wavunjao milango tu. Sivyo. Mali iliyoibwa haiachi kuwa mali ya mwenyewe kwa sababu mwizi ameiuza. Aliyeinunua bila kujua hana dhambi. Lakini siku anapojua, akaendelea kukaa nayo, siku hiyo linaanza kosa lake mwenyewe. Tena, anayeona bei ndogo isiyo na sababu, akafumba macho makusudi asijue, huyo amejidanganya. Kama pasingekuwa na wanunuzi wa namna hiyo, mwizi wa usiku angeuza wapi? Vivyo hivyo na diski zilizonakiliwa, ambazo jina lake limeandikwa kwa kalamu na karatasi ya kifuniko imechapwa vibaya. Wako watu waliofanya kazi ya kuutengeneza mchezo ule, na ujira wao ni haki yao.

Mtu atasema: «Mzee, haya ni mambo madogo, diski moja tu.» Namkumbusha Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, ndugu yetu wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vinavyopita mpakani. Walimpa fedha ili aruhusu mchele ulioharibika uingie sokoni, akakataa, na mwaka 2007 wakamwua, kijana wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Roma. Kwa macho ya dunia ule ulikuwa mchele tu. Kwake ulikuwa afya ya maskini, na uaminifu kwa Kristu. Asiyejizoeza uaminifu katika diski, atauonyesha wapi siku ya jaribu kubwa?

Tena fikirini jambo moja. Ile maneti isiyo na waya, ambayo mtoto anaishika mikononi, ina betri ndani yake, na betri za namna hiyo nyingi zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi, na wako ndugu zetu, hata watoto, walioichimba kwa mikono. Huenda jasho lao lilikwenda ng'ambo, likarudi kwetu kama kitu kilichotumika. Sioni kosa kununua kitu kilichotumika. Ni vema kukitumia tena kuliko kukitupa. Lakini kitu kilichogharimu jasho namna hiyo, kinunuliwe kwa mikono safi, na kitunzwe.

Basi, yule baba alifanya nini? Jumatatu alirudi sokoni. Kijana hakuwapo, wala nailoni yake. Fedha ilikuwa imepotea, na juma lile nyumba ile haikuona nyama. Jioni akamshika mwanawe mkono, wakaenda kwa wenye diski. Baba wa nyumba ile alipoona jina la mtoto wake, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Ndugu yangu, ulilipa kiasi gani? Nikurudishie walau nusu.» Naye akajibu: «Hapana, ndugu. Wewe umekwisha kuibiwa mara moja. Usilipe mara ya pili.»

Lakini mashine ya nyumba ile ilikwenda na wezi, haikurudi. Hapa pana diski bila mashine. Kule pana mashine bila diski. Watoto wakaliona jambo hilo kabla ya wazazi. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya katekisimu, yule mwenzake huja Katuba na kikasha chake chini ya kwapa, wakacheza saa moja, kisha mama huzima. Anazima yeye mwenyewe, kabla umeme haujakatika.

Mama yule, aliyesema «Sisi hatukuiba», ndiye sasa anayewaandalia watoto wawili chai. Na mtoto alipokea Komunyo yake ya kwanza bila diski mpya, moyo wake ukiwa mweupe kama shati lake.

Wazazi wapenzi, Jumamosi ijayo wengi wenu mtakuwa sokoni. Ulizeni jina la mashine, tazameni diski kwenye jua, soma namba ya umri, na kabla ya kulipa fungueni kifuniko mwone kama hapana jina la mtu. Mkilikuta, mnajua njia ya kwenda kwake.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.