Mkifika Bagamoyo

Wazazi wapendwa, mkijaliwa kufika Bagamoyo pamoja na watoto, waacheni kwanza wacheze ufukoni. Upepo ni mwanana, na ngalawa hurudi na samaki. Kusini kidogo, huko Kaole, yapo magofu ya msikiti wa kale sana. Kisha wapelekeni misioni, iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Hapo walilelewa watoto waliokombolewa utumwani kwa fedha. Ingieni makaburini, mkasome majina ya wamisionari waliolala hapo. Wengi walikufa wangali vijana, kwa homa. Waambieni watoto: imani hii tuliyoipokea bure, wenzetu waliilipia. Wasalieni marehemu hao, ndipo mrudi pwani mkapunge upepo.