Gari la Stima Lisile Tokeni za Nyumba

Gari la stima linapunguza gharama kweli, ama ni maneno ya wauzaji tu? Jibu letu ni kwamba linapunguza, na si kidogo. Lakini pesa unayookoa inaweza kuyeyuka bila wewe kujua imeenda wapi.

Tupige hesabu. Machakos mjini hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 65, kwenda na kurudi 130. Gari dogo kama Nissan Leaf huenda karibu kilomita 6 kwa yuniti moja, kwa hivyo safari inakula yuniti 22 hivi. Tukikadiria shilingi 30 kwa yuniti, tozo na ushuru ndani, hiyo ni 660. Gari la petroli la kilomita 13 kwa lita litameza lita 10. Lita ikiwa 180, umetoa 1,800. Tofauti ni zaidi ya thao moja kwa siku, na oili ya injini hubadilishi. (Kwenye jam ya Mlolongo la petroli linakunywa likiwa limesimama. La stima halili karibu chochote.)

Sasa shida iko hapa. Mafuta unayaona yakilipiwa. Tokeni unanunua za 200 leo, 500 kesho, na friji, pasi na gari vyote vinakula kwa mita moja. Siku 20 za kazi ni yuniti 440 za gari peke yake. Bei ya stima ya nyumbani nayo huenda kwa madaraja: hadi yuniti 30 kwa mwezi, hadi 100, kisha zaidi ya hapo. Gari litaivuta nyumba nzima hadi daraja la juu, na hata taa ya jikoni utailipia bei hiyo.

Tangu Aprili 2023 kuna bei maalum ya magari ya stima iliyoidhinishwa na EPRA: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na ushuru. Siku za kazi, saa hizo ni kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini lazima gari liwe na mita yake. Kama unaenda Nairobi kila siku, kwetu hilo si la kujadili, fuatilia mita. Kama gari ni la kanisa na soko la Masii tu, achana nayo, tokeni za nyumba zinatosha. Soketi ya kawaida itakupa yuniti kama 18 kwa usiku huo, si 22. Ukiwa na betri ya yuniti 40, pengo utaliziba wikendi.

Bima bado iko, na tairi huisha mapema kwa sababu gari ni zito. Kwa hivyo kila Ijumaa tuma sehemu ya ile tofauti kwenye akiba, hata 2,500. Na tafadhali, usinunue stima ya gari kwa mkopo wa simu. Ada za kila siku zitakula ile thao yako pole pole.

Mwezi ukiisha, toa taarifa ya malipo kwenye simu, uyaweke ya gari kando na ya nyumba. Mita zikiwa mbili kwenye ploti moja, soma nambari yote kabla ya kubonyeza PIN.