Toleo jipya la data lisiwaache watu kama noti za 1979

Mwishoni mwa Desemba 1979, utawala wa Mobutu ulitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina tena thamani. Watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha, tena kwa kiwango kilichowekwa. Aliyekaa mjini karibu na benki alipanga mstari. Mlimaji wa mbali, mwenye akiba yake ndani ya sanduku, alibaki na makaratasi. Noti mpya zenyewe hazikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika namna ya kubadilisha.

Leo kuna mabadiliko ya aina hiyo ambayo hayatangazwi redioni, lakini yanagusa hesabu ya feza zinazotumwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri kwa jina la misaada. Yanafanyika ndani ya maneno ambayo kompyuta zinatumia ili kuelewana.

Mwaka 2008, mjini Accra huko Ghana, wafadhili walianzisha mpango wa kimataifa wa uwazi wa misaada, unaojulikana kwa kifupi kama IATI. Shirika linaloshiriki linaandika miradi yake ndani ya faili la XML. Hiyo ni namna ya kuandika ambapo kila habari inafungwa kati ya alama mbili zinazosema ni habari gani: hii ni tarehe, hii ni inchi, hizi ni feza. Wote wakitumia alama zile zile kwa maana ile ile, kijana wa shirika la kiraia mjini Bukavu anaweza kukusanya mafaili ya wafadhili wengi na kuuliza: ni kiasi gani kiliahidiwa kwa Congo, na ni kiasi gani kilitolewa kweli?

Lakini alama hizo zinabadilika. Toleo la kwanza lilitoka 2011, na mwaka 2015 likaja toleo la pili. Katika toleo la kwanza, feza zilizoahidiwa ziliandikwa kwa herufi C, zilizotolewa kwa D, na zilizotumika kwa E. Katika toleo la pili, C ikawa 2, D ikawa 3, na E ikawa 4. Aina za tarehe, kama ile ya kuanza na ile ya kumaliza mradi, nazo zikapewa namba. Mantiki ilikuwepo: herufi D inatoka katika neno la Kiingereza, lakini namba haina lugha. Toleo hilo lilileta pia namna moja iliyo wazi ya kuandika maelezo yale yale kwa lugha zaidi ya moja, jambo ambalo msomaji wa Congo hawezi kulikataa.

Shida inakuja kwa yule aliyebaki na programu ya zamani. Programu yake inatafuta D. Inapokuta 3, haipigi kelele wala haisimami. Inaruka tu, na mwishoni inatoa jumla ndogo. Mwenye programu ataandika kwamba mfadhili alitoa kidogo kuliko alichotoa kweli. Shirika lisilo na kosa litashitakiwa mbele ya watu. Na siku feza zikiliwa kweli, mwizi atajitetea kwa sababu ile ile: hesabu zenu zimechanganya matoleo.

Lazima kusema haki: waliotunga IATI waliweka kanuni nzuri. Namba iliyo nyuma ya nukta ikibadilika, yanaongezwa mambo mapya bila kuvunja yale ya zamani. Namba kubwa iliyo mbele ikibadilika, hapo kila mtu ajue kwamba yaliyokuwa sawa jana yanaweza kukataliwa leo. Tena faili lenyewe linapaswa kutaja toleo lake. Hiyo ni kama tarehe juu ya noti: mpokeaji anajua anashika nini. Lakini kujua kwamba noti yako ni ya zamani hakukusaidii ikiwa hakuna mahali pa kuibadilisha.

Wako wanaojibu kwamba dawa ni kutobadilisha chochote. Wakongomani wanajua kwamba hilo haliwezekani. Mwaka 1997 inchi yenyewe ilibadilisha jina, na alama yake ya kimataifa ZR ikawa CD. Orodha ya alama za lugha na maeneo inayotumika kwenye intaneti haikufuta ZR. Imeiacha hapo, ikaandika kwamba haitumiki tena, na ikaelekeza kwa CD. Kwa hiyo hati ya 1995 yenye alama ZR bado inasomeka, na maana yake haijageuka.

Huko Ulaya mambo yalikwenda vingine. Alama CS ilikuwa ya Chekoslovakia, ambayo iligawanyika mwaka 1993. Mwaka 2003 alama hiyo hiyo ikapewa Serbia na Montenegro, ambazo nazo ziliachana 2006. Leo mtu akikuta faili la zamani lenye CS bila mwaka, atajuaje kama habari ni ya Praha au ya Belgrade? Neno lililozikwa lilifufuliwa kwa maana nyingine, na kompyuta haina njia ya kuona tofauti.

Funzo liko wazi, na linahusu pia fomu za vituo vya afya na orodha za wakimbizi wa ndani ambazo mashirika yanabadilisha kila mara. Kuongeza neno jipya ni halali. Kugeuza maana ya neno la zamani kimyakimya ni udanganyifu, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Anayebadilisha atoe jedwali linaloonyesha la zamani limekuwa nini, kama vile mwaka 1998 kila mtu alivyoambiwa kwamba franka 1 ni sawa na zaire mpya 100,000. Matoleo mawili yaende pamoja kwa muda wa kutosha. Na gharama ya kurekebisha programu isiachwe mabegani mwa chama kidogo cha Bunia chenye kompyuta moja na umeme wa saa chache. Ailipe yule aliyeamua kubadilisha.

Muda huo usipimwe kwa uwezo wa ofisi za Geneva au London. Upimwe kwa yule aliye mbali zaidi na benki: siku ya mwisho ikifika, naye awe amekwisha kubadilisha noti zake.